Masizi ya Mbarika

Buguruni, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Theopista,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, nakisalimu na kiuno chako kinachokusumbua, na kuku wako kama bado hujawamaliza. Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu ndio mgonjwa, na ndiyo sababu ya barua hii, maana simu huisikii tena hata tukipiga kelele mpaka majirani watoke nje. Katekista Severine akusomee polepole, asiruke mahali.

Anayeandika ni mjukuu wetu Leticia, kwa kuwa mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, hata nikimsema yeye.

Habari yenyewe ni ya uso wake. Unazikumbuka zile chunusi zilizomwota akiwa na miaka kumi na mitano? Zilikwisha, zikaacha mashimo meusi mashavu yote mawili. Sasa ana ishirini na minne, anauza vitenge Kariakoo kwa Abdulatif. Huyo bwana siku hizi anauzia kwenye simu. Leticia anajifunga kitenge, anapigwa picha, halafu Abdulatif anakata kichwa kwenye picha. Watu wa Mbeya na Mwanza wanamjua mjukuu wangu kuanzia shingoni kushuka chini. Nilienda dukani nikamwambia kwamba kwa tumbo lile yeye angekatwa katikati. Akacheka, akanipa soda. Leticia hakucheka. Kuna mteja alishamwuliza kama usoni alinyeshewa mvua ya mawe.

Basi amepata kliniki ya ngozi, ghorofani huko Mchafukoge. Wana mashine inaitwa leza. Alhamisi nilimsindikiza kwenda kuuliza, rozari nimeishika ndani ya mkoba. Daktari ni mwanamke mpole, anaitwa Sabaha. Alitueleza kwamba ni mwanga unaochoma ngozi vitundu vidogovidogo ili iote mpya. Uso utavimba, utabambuka, na jua asilione wiki nzima. Hakuficha kwamba ngozi nyeusi kama yetu isipoangaliwa inaweza kubaki na mabaka mabaya kuliko ya mwanzo. Theopista, niliposikia kuchoma, niliibana rozari mkobani. Nikamwuliza kama kunanuka. Akasema kidogo, kama nywele zikiungua. Tangu siku hiyo harufu hiyo naisikia hata kwenye uji. Na mtoto amepangiwa Alhamisi inayokuja.

Nilimwomba aache. Nilimwambia wewe na mimi tuna nembo za chale usoni tangu usichana, tumeolewa nazo, tumezeeka nazo, nani alitukata kichwa? Akanijibu taratibu, "Bibi, nyinyi mlichanjwa mkapigiwa ngoma. Mimi nani alinipigia ngoma?"

Nikamwachia neno la mwisho. Wewe unanijua, hiyo ni mara ya kwanza.

Sasa Katekista apunguze sauti.

Pale kliniki daktari aliuliza kama ule uso umewahi kupakwa kitu. Leticia akasema ni dawa ya mizizi tu, ya Mmasai, ambayo bibi alimpaka zamani. Daktari akasema mizizi haina neno. Anachoogopa yeye ni kitu cheusi kilichozama ndani ya ngozi, maana mwanga ule unafuata weusi, na ukiukuta unaunguza hapohapo kwa nguvu zaidi. Akanitazama. Mimi nikatazama feni.

Hakukuwa na Mmasai. Nilichoma mbegu za mbarika, zile za mafuta ya nyonyo, kwenye kigae, nikazitoboa zile chunusi moja moja kwa sindano, nikasugua masizi, kama shangazi alivyotusugua sisi. Nilikumbuka jinsi majeraha yetu yalivyokauka vizuri. Sikukumbuka kwamba sisi tulipakwa masizi ili alama isiondoke. Nilikuja kukumbuka mashimo yalipobaki meusi, nikanyamaza. Miaka tisa namwambia mtoto ni damu chafu, ni mafuta ya chipsi. Na Alhamisi angelala chini ya mashine ile na masizi yangu ndani ya mashavu.

Kalamu imesimama. Nimemwambia aandike na hilo, kwamba imesimama. Anaandika bila kuniangalia. Unajua mafuriko ya Jangwani yalivyoingia ndani yakabeba kitanda, na mimi juu ya meza nimempakata huyuhuyu akiwa mchanga. Siku ile sikuogopa kama ninavyoogopa kimya hiki.

Sasa ameinua kichwa. Anasema Alhamisi tutaenda wote, na nitamwambia daktari kwa mdomo wangu mwenyewe. Kama itafaa, wajaribu kwanza sehemu ndogo kando ya taya. Isipofaa, tutarudi nyumbani. Nimekubali. Na safari hii feni sitaitazama.

Msalimie mkweo na watoto wote hapo uani. Tuombee siku hiyo, na ukijibu usinitetee, nitajua umetumwa na huruma.

Sahihi yangu ni dole gumba, kama siku zote. Leticia amelipaka wino yeye mwenyewe, amelibana kwenye karatasi, na mpaka sasa hajaliachia. Maneno haya anayaandika kwa mkono mmoja.

Ni mimi dada yako,
Clotilda