Andazi Mbele ya Baba Mkwe

Kitale, Jumatatu

Dada Roda mpenzi,

Pokea salamu za bibi arusi wa mwezi mmoja! Ijumaa tulikuwa soko la Bungoma. Tomasi wangu, anayependeza hata akikanda unga, alikaanga maandazi kwa mafuta ya ng'ambo anayouza, lakini akina mama walikataa kuonja.

"Ati yanafunga uzazi," mmoja akasema. "Kama si kweli, bibi yako ale!"

Nikatazama, nikamwona baba mkwe kati ya watu. Unajua kwa mila yetu mke wa mwana hali chakula mbele ya baba mkwe. Na kama nisingekula, Tomasi angerudisha madebe yote ya mafuta kwa tajiri wake na kupoteza kazi. Nilishika andazi.

Mzee akafungua mwavuli wake, akatugeuzia mgongo asinione.

"Kula, mama," akasema polepole. "Wajukuu nitawapata tu."

Nikala lote. Hakugeuka mpaka nilipofuta midomo, na wanawake wakaanza kuleta chupa wapimiwe mafuta.

Dada, Tomasi nilimpenda tangu zamani. Ijumaa nilijua nimeolewa kwa watu wenye utu.

Mbusu mama mashavu yote mawili. Mungu awafunike.

Nasimiyu wako