Carte Mère ya Chumba cha Baba

Kamina, 4 Oktoba 1998

Yaya Éliézer, kaka yangu,

Nakusalimu mimi, na Mama anakusalimu juu yangu, maana anasema salamu yangu peke yake haina uzito. Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi huku tungali wazima. Vita tunaisikia redioni, askari wanazidi kujaa mjini, lakini treni inapita bado, siku inapotaka.

Sasa kaa chini usome. Ile familia ya misheni ambayo nilifundisha watoto wao Kiswahili iliondoka kwa ndege mwezi wa nane, mbio mbio, na kijana wao mkubwa aliniachia mashine yake. Si ya kuandikia barua, yaya. Ni ya michezo! Pentium II ya 400, kadi ya picha ya AGP, memori, diski, na boîtier, kasha jeupe la kuvitia vyote, linalokalia meza nzima. Kitu kimoja tu kimekufa, carte mère. Jenereta ilirusha umeme mkali ikaungua. Mama aliniuliza carte mère ni kitu gani, nikamwambia ni kama sakafu, vyombo vyote vinasimama juu yake. Akacheka: "Basi muko na byombo, nyumba hamuna!"

Wazo langu ni hili. Chumba cha Baba kimefungwa tangu tulipomzika. Tukifungue, tuweke salle, ukumbi wa michezo ya mashine. Vijana wa hapa hawana pa kwenda, na maofisa wa kambini wanashinda wakipiga miayo. Wewe unarudi nyumbani, unatengeneza, mimi napokea watu. Shule moja ya Kabongo imeniita nifundishe darasa, lakini sijajibu. Wewe umesomea mambo haya na unakaa karibu na maduka. Tutafutie carte mère nzuri ambayo bei yake haitatumeza.

Mdogo wako,
Hadassa


Lubumbashi, 27 Oktoba 1998

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako imenikuta mzima, kifua kimetulia. Mwambie Mama salamu yake nimeisikia mpaka mifupani. Natumaini nanyi mnakula na kulala vizuri.

Hadassa, sikupata usingizi! Pentium II ya 400, Kamina! Hapa Lubumbashi kwenyewe ni wachache walio nayo. Nimezunguka madukani, nimeona carte mère tatu. Ya kwanza ni ya bei ya chini, sauti na picha vimeshachomelewa ndani. Ya pili ni ya katikati, ya kawaida tu, katoni yake haina hata picha. Ya tatu, ee Mungu wangu, ina nafasi ya processor mbili, jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Ile ndiyo yetu. Mashine kubwa inataka sakafu kubwa.

Ila kuna jambo. Mwenye duka harudishiwi kitu kikishatoka mlangoni. Kwa hiyo kila mtu huku anakuja na processor yake, kadi yake na memori yake, anajaribu palepale mezani mbele ya muuzaji. Nitumie vipande vyote. Boîtier ibaki, ni kubwa mno, askari wataiona kwenye barrière zote. Nikishanunua, nitapanda treni nije navyo mwenyewe, tule Noeli pamoja na kufungua chumba.

Yaya wako,
Éliézer


Kamina, 15 Novemba 1998

Yaya,

Tu wazima, na wewe nakuombea uzima na akili pia, maana naona dhahabu imekupofusha. Processor mbili za nini? Sisi tuko na moja! Utalipia kiti cha mgeni ambaye hatakuja kamwe. Ni wewe yuleyule uliyenunua viatu vya harusi kwa kwenda kucheza mpira.

Nimesoma magazeti aliyoniachia kijana wa misheni. Ile ya bei ya chini tuiache, haina fente, tundu la AGP, kadi yetu ya picha itakaa wapi? Tena inakimbia megahertz 66 tu, itaifunga processor miguu. Ya katikati waulize kama ina chipset ya BX na inakimbia 100. Kama ni ndiyo, kazi yake ni sawa na ya ile ya dhahabu, na kinachobaki tununue stabilisateur, jenereta isituchomee tena. Hiyo ya katikati njo yetu, yaya. Usibishe.

Vipande anakuja navyo Mama Hulda, anayeuza samaki wa Bukama. Ameviweka katikati ya samaki wakavu, askari hawapendi kutia mkono humo. Nimevifunga kwa kitambaa cha kwaya, nimekikata kwenye pindo la gauni langu mwenyewe. Abner, yule anayeimba besi, amenicheka kanisani kwamba sasa gauni langu limekuwa fupi upande mmoja. Na acheke. Noeli atakuja kuomba acheze bure.

Kabongo nimewajibu hapana. Mama ameanza kupaka chokaa chumba cha Baba.

Mdogo wako anayekungoja,
Hadassa


Lubumbashi, 9 Januari 1999

Mdogo wangu Hadassa, na Mama,

Nawasalimu kwa huzuni. Najua mlikwenda stesheni Noeli na mkarudi bila mimi. Nisameheni.

Carte mère nilinunua, ile ya katikati kama ulivyosema, nikaijaribu dukani ikawaka vizuri. Nikapanda treni na kila kitu. Pale Bukama askari walitushusha wote, wakafungua mizigo. Walichukua kila kipande. Niliposhika katoni nisiiache, walinipiga mgongoni kwa kitako cha bunduki. Nimerudi Lubumbashi kwa huruma ya watu. Mgongo bado unauma, kuandika ni taabu.

Hatuna la kufanya. Ni vita.

Yaya wako,
Éliézer


Kamina, 24 Januari 1999

Yaya wangu,

Mgongo wako unaendeleaje? Umeonana na muuguzi? Unaweza kulala chali? Tuandikie hata mstari mmoja, Mama hali chakula akashiba.

Mashine waende nayo. Ulipoishika katoni ile ulikuwa unafikiri nini? Ungekufa kwa ajili ya chuma! Nimelia, sikufichi, lakini nimelia kwa ajili yako na si kwa ajili ya Pentium. Stesheni tulingoja mpaka wachuuzi wakakunja mikeka, Mama akiwa na kuku wako kwenye bakuli. Leo tunasema afadhali kuku alipoa, mtoto yu hai.

Kabongo walishampa mwalimu mwingine darasa langu. Si neno, nasaidia Mama shambani. Chumba cha Baba kimekauka, ni cheupe, kizuri sana. Tumeweka boîtier mezani peke yake. Mama anakataa kuiondoa, anasema wewe utarudi tu, na siku hiyo chumba kisionekane kitupu.

Mdogo wako akupendaye,
Hadassa


Lubumbashi, 18 Aprili 1999

Hadassa,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi niko salama, shughuli ni nyingi. Mgongo unapona polepole.

Nimekumbuka ile boîtier. Kwa kuwa mashine haipo tena, inakula vumbi bure hapo. Kuna mtu huku anatafuta ya namna hiyo. Nikimpa, nitawatumia chumvi na sabuni. Nimesikia kwaya yenu inakuja Lubumbashi kwenye mkutano wa kanisa. Mpe mmoja wao ailete. Fanya haraka kidogo, mvua za mwisho zimeleta unyevu, na zikiisha vumbi litaingia kila mahali.

Yaya wako,
Éliézer


Kamina, 6 Juni 1999

Éliézer,

Sikuulizi afya. Abner amekuona, u mzima, mgongo umenyooka, ulikuwa umebeba kreti ya bia begani.

Barua yako ilifika wakati kwaya imeshaondoka bila boîtier. Abner amerudi jana, akaja moja kwa moja kwetu, akaniita nje. Alikuwa ameingia kwenye salle moja ya michezo nyuma ya soko. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Hadassa, minyi niliona masini iko wazi, haina boîtier, bintu yote iko inje kama kuku ya kunyonyolewa. Na wakati ya kufunga, beko banaifunika na kitambaa ya gauni yako. Minyi najua ile pindo, njo nilikucheka nayo! Nikauliza patron iko nani. Banasema njo Éliézer wa Kamina, alifungua siku ya Noeli."

Siku ya Noeli, Éliézer. Siku ile sisi tumesimama stesheni.

Hukuingia kwenye treni. Hukupigwa na mtu yeyote. Na kitambaa changu ukakigeuza shuka la kufunika wizi wako, hata kukitupa ulishindwa. Kama ungeniambia, "Hadassa, Kamina sirudi, nataka salle iwe huku," ningekutukana siku nzima, halafu ningekupa. Unanijua. Ulikuwa na haja gani ya kuninyang'anya?

Abner alicheza. Anasema mashine inakimbia haikwami, carte mère ya katikati inatosha kabisa. Hilo limeniuma kuliko yote, kwamba nilichagua vizuri.

Mama hajui. Abner amenyamaza na mimi nimenyamaza. Kila jioni anawaombea wale askari wa Bukama, Mungu awasamehe walichomfanyia mtoto wake, na mimi nimepiga magoti karibu naye nasema amina.

Boîtier siitumi. Mama anaipangusa kila asubuhi, na ikiondoka ataniuliza imekwenda wapi, wala mimi sitamdanganya mama yangu kwa ajili yako. Ukiitaka, panda treni ya Bukama, ile unayosema walikushusha. Uje uiombe mikononi mwake. Amekuwekea mafuta ya mawese kwenye chupa, na atakuambia uvue shati akupake pale walipokupiga.

Hadassa Kyabu