Mama, Sikiliza Bidoni

Durban, Mei 2013
Mwaka wa tano tangu niondoke Uvira

Mama yangu mpendwa,

Furaha ndiye anayekusomea barua hii. Ukisahau alichosoma, mwambie dada yangu huyo arudie. Mimi nimeandika mara moja, wewe utafurahi mara nyingi.

Uliniagiza kwa simu: "Weye uko kule kwa madaktari wakubwa. Uliza kichwa changu kiko na nini." Nilicheka, maana mimi bandarini nafahamiana na makontena tu, na jioni mgongo wangu hautaki hata salamu. Lakini kwenye kanisa letu la Overport tunasali na muuguzi mmoja wa Bukavu, Mama Neema. Nikamweleza kwamba daktari wa huko amesema ni Alzheimer inayoanza. Nikamuuliza mbona unakumbuka harusi ya shangazi mpaka rangi ya vitenge, na chai ya asubuhi hukumbuki kama umekunywa.

Akaniambia kwamba ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo inayopokea mambo mapya na kuyatengeneza yakae. Kwa ugonjwa huu, protini zilizoharibika hujikusanya, chembe za pale hufa kidogo kidogo na sehemu yenyewe husinyaa. Mambo ya zamani yalishahifadhiwa kwingine, ndiyo maana bado unayo.

"Kumbe ni kama geti la bandari," nikasema. "Geti limeharibika, makontena mapya hayaingii, ila ya zamani bado yamepangwa uwanjani."

"Eish, wewe kila kitu kontena! Hata mke utamshusha melini."

Tukacheka. Kisha akanishika mkono. "Lakini ujue, baba, ugonjwa huu haubaki getini. Polepole utafika mpaka uwanjani."

Niliondoka kwako nikiwa mwembamba, nina nywele. Sasa nina tumbo na kipara. Nikajiuliza: nikifika, utanijua?

Lakini zile bidoni zetu za maji, madumu ya plastiki, unazikumbuka, mama. Tukitoka bombani kuchota maji, kila mtoto alipiga bidoni yake mlangoni kwa mlio wake, ujue nani amefika bila kuacha ndagala zako zikiungua kikaangoni. Furaha alipiga mara moja, kwa nguvu, kama polisi. Mimi nilipiga mbili za haraka, nikangoja, halafu moja ya mwisho. Nilikuwa nafika nyuma ya wote kwa sababu ya kuchezea mpira njiani, na nusu ya maji nimeoga nayo miguu.

Jumapili iliyopita uliniita kwa jina la mjomba, ukanisimulia habari za mwanao aliyeko Durban, eti anakula vizuri. Sikubisha. Nilichukua bidoni tupu ya rafiki ninayepanga naye hapa Sydenham, nikaisogeza karibu na simu. Mbili za haraka. Nikangoja. Moja.

Nikasikia Furaha akikuuliza, "Mama, huyo ni nani?"

"Si ule mchelewaji!" ukafoka. "Mwambie asimwage maji kwa mlango!"

Mama, nilicheka mpaka machozi yakatoka, rafiki yangu akadhani nimepata habari ya msiba. Kesho yake kazini nilibeba magunia ya mchele huku napiga ule mlio kwa ulimi, wenzangu Wazulu wakaudaka. Sasa tunashusha mzigo kwa mlio wa mlango wako.

Nilikuwa nimepanga kukaa huku miaka miwili zaidi. Nimeacha. Nitafika Desemba hii, kabla ya Noeli. Usijisumbue na uso wangu, kipara hiki kimekuja geti likiwa limeshaharibika. Wewe kaa jikoni, kaanga ndagala zako, usigeuke. Kabla ya kuja nyumbani nitapita bombani kwanza.

Mwanao,
mchelewaji