Yule Mtu wa Ngazini Hakuwa Mdoli

Baba Neema mpenzi,

Nakusalimia huko uliko, ingawa sijui salamu zinapita njia gani. Sisi hapa Malvern, ugenini, tupo, baridi inatutandika lakini tupo.

Juzi Neema alinipeleka maktaba pamoja na bintiye mdogo Furaha, kuona sinema ya zamani ya Kimarekani, zile za kuchekesha zisizo na sauti. Kabla haijaanza, dada wa maktaba alieleza walivyoitengeneza. Neema akanitafsiria: mchekeshaji alianguka mwenyewe kutoka juu, akavunjika mkono, wakangoja apone, akapanda tena. Mimi nikaitikia tu.

Taa zikazimwa. Nikamwona fundi rangi, kofia ndogo, ngazi begani. Yesu wangu! Ni sinema yako ile ya ukumbi wa parokia, Uvira! Wewe umesimama kando ya kitambaa cheupe unawasemea wote, mume, polisi, mpaka mbwa. "Mama mkwe, shika ngazi vizuri, utabaki na binti mjane!" Watu hoi. Mimi msichana bado, benchi la mbele. Ngazi ilipoachana na ukuta nikaziba macho. Ukawaacha wote, ukasema na mimi: "We wa kitenge cha njano, fungua macho. Ni mdoli huyo, usiogope."

Kumbe alikuwa mtu.

Ulijua, Baba Neema? Au na wewe ulidhani ni mdoli? Maana hapo hapo nikaikumbuka ile simu yako ya hospitali, Bujumbura, sisi tumeshatangulia huku. "Ni homa tu. Usiogope." Sauti ile ile. Nikakuamini, nikaenda zangu kiwandani, sikukuuliza hata umekula nini. Waliponipigia tena kutoka hospitali hukuwa wewe. Sasa ile homa nayo ulijua si homa? Ungeniambia ningelia, sawa, lakini si ningelia na wewe ukiwa unanisikia? Au ulitaka nicheke mpaka mwisho? Nageuza hivi, nageuza vile, sielewi.

Pale maktaba ngazi ikaanza kuyumba. Furaha akauficha uso kwenye koti langu, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama yule mtu atakufa. Neema alitaka kumweleza ukweli. Mimi nikafungua mdomo, ikatoka sauti yako: "Ni mdoli huyo, mama. Usiogope."

Akafungua macho, akacheka sana.

Sasa nitakukasirikia vipi?

Ni mimi, wa kitenge cha njano,
Mama Neema wako