Msamaha wa Aabo Uliomo Kwenye Kompyuta Kuukuu

Mpendwa mshauri, asalaam aleikum, naomba unishike mkono maana jambo hili siwezi kumwambia mtu yeyote hapa Garissa. Nina duka la kuchapa, na kompyuta yangu ni ile ya zamani yenye kioo bapa juu ya shingo ya chuma na kitako kama bakuli lililopinduliwa, wateja huicheka, intaneti haifungui, lakini barua za kazi na mitihani ya madrasa inachapa hadi leo. Niliinunua baada ya kuuza kwa siri dume la ngamia la baba yetu, Aabo kama tunavyomwita, naye akadhani aliyeuza ni kaka yangu Mahat kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilichunga, akamlaani mbele ya watu, nami nikanyamaza. Miaka mitatu iliyopita Aabo aliugua, nikamweleza ukweli, akaketi mbele ya kompyuta hiyo akaniambia nirekodi: "Mahat, laana nimeiondoa. Aliyeuza ni Idman. Rudi nyumbani." Akaniamuru nimpelekee, akafariki wiki hiyo hiyo, na mpaka leo sijampelekea. Mahat yuko Elwak alikohamia baada ya laana, ukame umemmalizia mifugo, mimba za mkewe zimeharibika mara mbili, naye huwaambia watu ni laana ya baba. Sasa kompyuta imeanza kugongagonga ndani na kuchelewa kuwaka, na naona haya kusema, kila asubuhi nabonyeza kitufe nikiomba ikatae kuwaka, rekodi ipotee. Je, naweza kukata pale ninapotajwa nimtumie yaliyobaki?

Idman, Garissa

Idman, pole, lakini sitakubembeleza. Hukati hata neno moja. Maneno hayo ni mali ya Mahat, wewe ulipewa amana tu, na hiyo mashine inayochekwa imeitunza kuliko wewe. Aibu itakuuma, kweli, ila mwenzako amebeba laana ambayo haipo tena, na unajua.

Leo ikiwaka, usiizime. Weka simu karibu na spika urekodi yote, kisha fundi anakili faili kwenye flashi mbili. Usitume mjumbe wala wazee. Mpigie mwenyewe kabla ya adhuhuri, mwambie kwa kinywa chako kwamba uliuza wewe, ndipo umsikilizishe baba. Fidia ya ngamia mtaizungumza baadaye, na usibishane. Mkewe aende hospitali, mimba kuharibika kuna matibabu yake.

Anaweza kukutukana. Usikate simu, mwache amsikie baba yake akimwita nyumbani hata mara kumi akitaka.