Mlinzi Aliyevua Ngao

Ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu,
Alhamisi mchana.

Mpendwa kaka,

U hali gani? Safari hii nauliza nikitaka jibu hasa. Unakula? Unalala? Kile kikohozi cha ghala la baridi kimekuacha? Sisi hatujambo. Mtoto anaota meno na ameamua kwamba hakuna atakayelala mpaka yatoke yote. Baba yake mzima. Mama mzima pia, ila hasemi nami, sababu utaisoma.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako siiamini tena. Nikipiga, hupokei. Unanijibu kwa maandishi tu, ndani ya gemu letu, kwamba maiki imekufa. Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa, yule shemeji wa jirani, akukabidhi mkononi hapo ghalani.

Kaka, tangu uondoke, gemu lile ndilo limekuwa sebule yetu. Wewe ulichagua kazi ya Mlinzi: ngao kubwa, mwendo wa kobe. Mimi nikawa Mponyaji, nafunga wenzangu majeraha, lakini mwenyewe nikipigwa mara mbili, chali. Wewe unayaita mazimwi yakupige, mimi nakuweka hai. Nilikuwa naweka simu chini nimnyonyeshe mtoto, nikirudi nakukuta palepale mlangoni pa pango, ngao juu, unakula mapigo yaliyokuwa yangu. Hukuwahi kufungua mlango kabla sijarudi. Ulikuwa unanisubiri, basi.

Siku hizi hunisubiri.

Jumapili niliweka simu kidogo tu. Niliporudi, mlango wa pango uko wazi, Mponyaji wangu amelala chini, na wewe uko mbele unaokota vitu. Nikasema labda umechoka. Jumatatu ndiyo iliyonitoa jasho. Unajua gemu linamruhusu mtu kubadili kazi mara moja tu, na hakuna kurudi nyuma. Nilikuta ngao imeuzwa. Mlinzi wetu amekuwa Mviziaji, yule wa visu viwili anayepiga watu kwa nyuma. Nikaandika: "Kaka, ngao iko wapi?"

Likaja jibu: "Ilikuwa nzito. Mama bado anaweka hati ya nyumba kabatini?"

Nilikuwa nimempakata mtoto. Nikamweka chini, nikasoma tena.

Jana mama naye kapata ujumbe: unakuja Jumamosi, akupokee stendi, aje peke yake, aje na hati, mimi nisijue. Mama na siri wapi na wapi! Alinisomea mwenyewe, anacheka kwa furaha. Nikamwambia haendi. Akanijia juu:

"Mwanangu ananiita, wewe unaniletea habari za ngao! Mtu na akili zako, unamjua kaka yako kwa katuni?"

"Namjua kwa anavyonisubiri, mama."

"Nyamaza! Tangu utotoni unamwonea wivu."

Huenda mtu amekuibia simu, na wewe uko mahali huwezi kusema. Lakini kuna wazo jingine, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko meno ya mtoto. Mwizi angejuaje habari za kabati?

Kwa hiyo nisikilize. Mama haendi stendi. Hati haimo tena ndani ya nyumba, na sitaandika iliko, maana sijui nani anasoma. Kama u mzima, chukua simu ya dereva hapohapo unipigie. Nataka sauti tu, hata ukinitukana. Kama kuna watu wamekubana, niambie. Njoo mikono mitupu, mlango huu ni wako, tutabanana humuhumu. Ila ukija kwa ajili ya hati, hutaipata, hata ulie kizingitini na mtoto akaamka.

Baba mtoto anakusalimu. Mtoto anakusalimu kwa mate, kailowesha karatasi hii pembeni. Mama hakutuma salamu. Yuko chumbani anapiga pasi gauni la kukupokea.

Mungu akufunike popote ulipo, na akuzuie pale nisipoweza mimi.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata kama aliyeuza ngao ni wewe.