Kura ya Mpishi Gerezani

Mke wangu Asha,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Wingwi hatujambo. Mke mwenzio, bibi yako, goti limepoa na ugomvi umerudi.

Unauliza kama mfungwa apige kura. Umemuuliza mjuzi, maana ujanani nilifungwa miezi miwili kwa magendo ya karafuu. Bibi yako mpaka leo huwaambia watu nilikuwa safarini.

Mfungwa aliyetupikia aliunguza maharage kila siku. Askari akachoka na kelele zetu, akasema tuchague mpishi mwingine. Tukapiga kura kwa kokoto. Mara askari naye akaleta kokoto yake, kwani mchana alikula maharage yaleyale. Tukabishana hadi adhana ya adhuhuri: huyu jioni anakwenda kula kwa mkewe, haki ya kura kaipata wapi? Tukamnyima.

Mpishi mpya alizidisha chumvi. Sisi tulikula kimya, kwa kuwa tulimtaka wenyewe. Askari kila tonge alinung'unika, "Mimi sikuulizwa."

Siku ya kutoka nilimwachia askari kokoto yangu. Aliitia mfukoni, akafunga na kifungo.

Mumeo mzee,
Babu Hamadi